UCHAMBUZI: Mita mbovu za pikipiki ni hatari iliyosahaulika barabarani Isiolo

KILA suala la ajali za bodaboda linapozuka nchini, lawama huelekezwa upande ule ule. Wahudumu huambiwa hawana leseni, hawavai helmeti, wanabeba abiria kupita kiasi na wanaendesha kwa pupa. Lawama hizo zina ukweli ndani yake. Lakini lipo swali ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ni hili: je, mhudumu anayeamriwa apunguze kasi anajua kwa hakika anaenda kwa kasi gani?

Katika mji wa Isiolo, kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, swali hilo si la mzaha. Si vigumu kuona pikipiki ambayo mshale wa mita yake umelala kwenye sufuri ilhali gurudumu linazunguka. Katika nyingine, mshale hucheza huku na huko bila kutulia. Mbaya zaidi ni ile pikipiki ambayo mita yake inaonekana nzima, mshale unapanda na kushuka vizuri, ila tarakimu unayoonyesha si ya kweli.

Mita iliyokufa humwonya mwenyewe kwamba haifai kutegemewa. Mita inayosema uongo haitoi onyo lolote. Ndiyo sababu jambo hili, ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, linastahili kuangaliwa kwa makini na wahudumu, wamiliki wa pikipiki, vyama vya akiba na mikopo, serikali ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA).

Barabara mpya, kasi mpya

Isiolo, ulioko umbali wa kilomita zipatazo 285 kaskazini mwa Nairobi, ulikuwa kwa miaka mingi mahali ambapo lami ilikomea. Aliyetaka kwenda Marsabit au Moyale alijiandaa kwa vumbi, mawe na safari ndefu ya kutikiswa. Mambo yalibadilika lami ilipotandazwa kwanza kutoka Isiolo hadi Merille, umbali wa kilomita 136, kisha katika sehemu zilizosalia hadi mpakani Moyale. Kazi hiyo ilikamilika katika miaka ya 2010. Leo barabara hiyo ya A2, yenye urefu wa takriban kilomita 500 kutoka Isiolo hadi mpakani, ni kiungo kikuu cha Kenya na Ethiopia.

Katika kipindi hicho hicho, pikipiki nazo zilikuwa zikiongezeka. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250. Bei ikashuka, na maelfu ya vijana kote nchini wakapata kazi. Huko Isiolo pikipiki ndiyo inayowafikisha wakazi wa Bulla Pesa na Wabera sokoni, inayobeba maziwa ya ngamia kutoka malishoni, na mara nyingi ndiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitalini.

Pikipiki moja kwa siku moja hupita mazingira matatu. Kuna mitaa ya mji iliyojaa watu, punda na mikokoteni. Kuna lami iliyonyooka kuelekea Ngare Mara na Archers Post, ambako ngamia na mbuzi huvuka barabara bila kumngoja mtu. Na kuna njia za vumbi zinazoingia mashambani. Upande wa kusini, barabara inayoteremka kutoka Subuiga humpa mwendeshaji kasi ambayo hakuiomba.

Wako wanaosema kwamba mhudumu mzoefu hahitaji mita, kwani anaijua kasi kwa mlio wa injini na upepo usoni. Hoja hiyo ina kasoro kubwa. Macho na masikio ya binadamu huzoea mwendo. Aliyetoka Archers Post kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa kwa karibu nusu saa, akiingia mjini na kupunguza hadi 60, huhisi kana kwamba anatambaa. Kumbe bado amezidi kiwango cha sheria. Hiyo ni tabia ya kimaumbile inayompata kila dereva, na kifaa cha pekee cha kuisahihisha ni mita inayosema kweli.

Gharama ya kilomita ishirini

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kiwango cha juu cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Sheria ikishataja tarakimu, imechukulia kwamba mwendeshaji anaweza kuisoma tarakimu hiyo mbele yake. Mita ikiwa mbovu, sheria inabaki maneno matupu kwake.

Tuchukue mfano wa mwendeshaji ambaye mita yake inaonyesha 50 ilhali mwendo wake halisi ni 70. Kwa wengi hiyo ni tofauti ya kilomita ishirini tu. Lakini nguvu ya chombo kinachotembea haiongezeki kwa kiasi sawa na kasi. Huongezeka kwa kipeo cha pili. Ukipiga hesabu, nguvu ya pikipiki inayokwenda 70 ni karibu mara mbili ya ile inayokwenda 50.

Hesabu ya kusimama nayo yatisha. Mwendeshaji anayehitaji sekunde moja kung'amua hatari na kukanyaga breki atakuwa amekwisha kusafiri mita 14 akiwa kwenye kasi ya 50, na zaidi ya mita 19 akiwa kwenye 70. Ongeza umbali wa breki zenyewe kwenye lami kavu. Yule wa 50 atasimama baada ya takriban mita 30 kwa jumla, na yule wa 70 atahitaji kama mita 50. Mtoto aliyejitokeza mita 35 mbele yake atasalimika katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili atagongwa na pikipiki ambayo bado ina kasi kubwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila kasi ya wastani inapoongezeka kwa asilimia moja, uwezekano wa ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia nne. Ikumbukwe kwamba nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 walifariki barabarani katika kila mwaka kati ya 2022 na 2024. Watembeao kwa miguu ndio wanaoongoza katika orodha hiyo ya majonzi, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ni miongoni mwa wanaofuata.

Kuna pia upande wa mfuko. Kanuni za mwaka wa 2016 kuhusu makosa madogo ya trafiki ziliweka onyo kwa anayezidi kiwango kwa kilomita moja hadi tano, faini ya Sh500 kwa anayezidi kwa sita hadi kumi, Sh3,000 kwa 11 hadi 15, na Sh10,000 kwa 16 hadi 20. Kwa ngazi hiyo, mita iliyopotoka kwa kilomita kumi yatosha kumhamisha mtu kutoka kwenye onyo hadi faini. Naye afisa wa polisi mwenye chombo cha kupima kasi hataisikiliza hoja ya kwamba mita ilisema vingine.

Mita hufanyaje kazi?

Ili kujua uongo unatoka wapi, yafaa kujua jinsi mita inavyofanya kazi. Katika pikipiki nyingi za bodaboda, mita ni ya kimakanika. Kwenye habu ya gurudumu la mbele mna gia ndogo inayozungushwa na gurudumu. Gia hiyo huzungusha waya mwembamba ulio ndani ya kebo, nayo kebo hupanda hadi kwenye mita.

Ndani ya mita, waya huo huzungusha sumaku. Sumaku imezungukwa na kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani nayo. Inapozunguka, sumaku huzalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Kikombe kimeshikamana na mshale, na mshale unazuiwa na kamani nyembamba kama ile ya saa ya mkono. Kadiri sumaku inavyozunguka kwa kasi, ndivyo mshale unavyosukumwa mbele dhidi ya kamani.

Mita ya kuhesabu kilomita ni jambo tofauti, ingawa imo katika kasha hilo hilo. Yenyewe haina sumaku wala kamani. Huendeshwa na gia moja kwa moja kutoka kwenye waya. Tofauti hii ni muhimu sana, kwani ndiyo itakayomsaidia fundi kujua kasoro iko upande gani.

Ikumbukwe pia kwamba hata mita mpya kutoka kiwandani haisemi kweli tupu. Kanuni nambari 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu mita za kasi, inayofuatwa barani Ulaya na kwingineko, inakataza mita isionyeshe kamwe kasi iliyo chini ya ile halisi. Lakini inaruhusu izidishe, kwa kiwango cha asilimia kumi na kilomita nne juu yake. Kwa hivyo pikipiki inayokwenda 50 yaweza kuonyesha hadi 59 bila kuvunja kanuni hiyo. Viwanda hupendelea kuegemea upande huo ili visije vikalaumiwa.

Waendeshaji wengi wamelitambua hilo. Husema mita hudanganya kwa juu, nao hujiongezea kilomita tano au kumi za bure. Tatizo hutokea mita ya kiwandani inapoharibika na kubadilishwa kwa nyingine isiyofaa, ambayo sasa inapunguza badala ya kuzidisha. Mwendeshaji bado ana mazoea ya kujiongezea kumi, ilhali mita imekwisha kumficha kumi nyingine.

Makosa hutoka wapi

Watu hupenda kulaumu matairi. Ni kweli kwamba tairi likibadilishwa saizi, umbali linaouenda kwa mzunguko mmoja hubadilika. Lakini tupime. Tairi la 2.75-17 lina mzingo wa takriban mita 1.80. La 3.00-17 lina takriban mita 1.84. Tofauti ni kama asilimia mbili, yaani kilomita moja katika kila hamsini. Tairi lililokwisha meno nalo hupunguza mzingo kwa kiasi kama hicho. Ukiweka gurudumu la 3.00-18 mahali pa lile la 2.75-17, tofauti inafika karibu asilimia saba, na mita itaonyesha 75 ilhali mwendo ni 80. Hilo si la kupuuzwa, lakini bado si chanzo cha uongo mkubwa.

Uongo mkubwa hutokana na vipuri visivyolingana. Kila mita imeundwa kwa idadi maalumu ya mizunguko ya waya kwa kilomita. Zipo zilizoundwa kwa mizunguko 1,400 na zipo za 1,000. Kwa nje zinaweza kufanana kama mapacha, na kebo ikaingia kote kote bila shida. Mita ya 1,400 ikifungwa kwenye pikipiki ambayo gia yake hutoa mizunguko 1,000, itaonyesha 50 wakati mwendo halisi ni 70. Huo ndio mfano tuliotaja hapo juu, nao si wa kubuni hesabu tu. Ni matokeo ya kununua mita kwa sura yake. Kinyume chake, mita ya 1,000 kwenye gia ya 1,400 itaonyesha 70 wakati mwendo ni 50.

Chanzo cha tatu ni uchakavu. Vumbi na maji huingia kwenye habu na kula meno ya gia. Kebo iliyokunjwa vibaya au iliyokauka grisi huzunguka kwa kukwama na kuachia, na mshale hutetemeka. Sumaku hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na mita huanza kuonyesha kasi ndogo kuliko iliyopo. Kamani nayo ikilegea, mshale huenda mbali kuliko inavyostahili. Pikipiki ikianguka, mshale waweza kuhama mahali pake kwenye mhimili.

Hatimaye kuna mkono wa binadamu. Si siri kwamba wapo wanaoikata kebo kwa makusudi ili kilomita zisihesabike, ama kumficha mwenye pikipiki ama kumvutia mnunuzi. Anayefanya hivyo huua mita mbili kwa pamoja. Anapoteza kipimo cha kasi, na anapoteza pia hesabu ya lini oili inapaswa kubadilishwa. Injini hulipa deni hilo baadaye.

Namna ya kuichunguza

Habari njema ni kwamba kuipima mita hakuhitaji mtambo wa gharama. Kunahitaji kilomita moja iliyopimwa, saa na hesabu ya kugawanya. Kilomita moja kwa kasi ya 60 huchukua sekunde 60. Kwa kasi ya 50 huchukua sekunde 72, kwa 40 sekunde 90, na kwa 80 sekunde 45. Kanuni yenyewe ni kugawanya 3,600 kwa idadi ya sekunde.

Tuseme mwendeshaji ameushikilia mshale kwenye 50 bila kuyumba kutoka alama moja ya kilomita hadi nyingine, na saa imehesabu sekunde 60. Kasi yake halisi ni 60, na mita inamficha kilomita kumi. Kama saa imehesabu sekunde 80, kasi yake ni 45, na mita inazidisha kwa tano. Kosa la sekunde moja katika kuhesabu hugeuza jibu kwa takriban kilomita moja tu, kwa hivyo njia hii ni ya kuaminika kuliko inavyodhaniwa.

Anayehesabu asiwe ndiye anayeendesha. Abiria aliyevaa helmeti ndiye ashike saa, na kazi ifanywe asubuhi barabara inapokuwa tupu, mahali palipo wazi ambapo mifugo itaonekana kutoka mbali. Jaribio lirudiwe ukirejea upande wa pili.

Simu yenye uwezo wa kupokea ishara za setilaiti hutoa jibu la haraka zaidi. Programu nyingi za bure huonyesha kasi, na katika uwanda ulio wazi kama wa Isiolo, ambako hakuna majumba marefu wala misitu ya kuziba anga, ishara hupatikana vizuri. Cha kuzingatia ni kuwa simu huchelewa kidogo. Kasi inapobadilika, tarakimu ya simu hubaki nyuma. Kwa hivyo mwendo ushikiliwe sawa kwa nusu dakika kabla ya kulinganisha, kwenye njia iliyonyooka na iliyo tambarare. Hapa pia, simu ishikwe na abiria, si mwendeshaji.

Jaribio moja halitoshi. Lifanywe kwa kasi mbili au tatu, kwani namna kosa linavyokua ndiyo inayotaja ugonjwa. Kama mita ikionyesha 30 kasi halisi ni 40, na ikionyesha 60 kasi halisi ni 70, kosa ni lile lile la kilomita kumi. Hapo mshale umehama mahali pake. Lakini kama kwa 30 kasi halisi ni 36 na kwa 60 ni 72, kosa linakua pamoja na kasi. Hapo uwiano ndio uliopotoka, nao unatoka kwenye gia, tairi, sumaku, kamani au mita isiyo ya pikipiki hiyo.

Ili kutenganisha hayo, itazamwe mita ya kilomita. Isafiriwe njia ya kilomita kumi inayojulikana urefu wake. Kama hesabu ya kilomita ni sahihi ilhali mshale wa kasi unadanganya, basi tairi, gia na kebo havina hatia, na kasoro imo ndani ya kichwa cha mita, kwenye sumaku au kamani. Kama vyote viwili vimepotoka kwa kiasi kimoja, basi lawama ni ya gurudumu, gia ya habu au mita isiyolingana.

Mzingo wa tairi waweza kupimwa kwa chaki. Weka alama kwenye tairi la mbele na ardhini, mtu akae juu ya pikipiki ili tairi libonyee kama kawaida, kisha isukumwe hadi gurudumu lizunguke mara kumi. Gawanya urefu huo kwa kumi. Kabla ya yote hayo, tairi lijazwe upepo unaotakiwa, la sivyo utapima kosa la upepo na kulibebesha mita.

Kusahihisha si kubahatisha

Mshale unaotetemeka huanzia kwenye kebo. Fundi aichomoe, asafishe waya, apake grisi kidogo na kuacha sentimita 15 za juu bila grisi. Grisi ikizidi hupanda hadi ndani ya mita na kuchafua kikombe. Kebo iliyovunjika au kukunjika ibadilishwe. Bei yake ni shilingi mia chache, kiasi ambacho hakifiki popote karibu na faini ya Sh10,000, sembuse gharama ya kuunganishwa mfupa.

Gia ya habu iliyolika ibadilishwe kwa ile ya aina hiyo hiyo ya pikipiki. Mita mpya inunuliwe kwa kulinganisha idadi ya mizunguko na wala si umbo la kioo. Katika mita nyingi idadi hiyo huandikwa kwenye uso au mgongoni. Muuzaji wa vipuri asiyeweza kuitaja anastahili kuulizwa maswali zaidi.

Mshale uliohama waweza kurudishwa na fundi mwenye mkono mwepesi. Lakini kuchezea kamani ili kulazimisha tarakimu fulani ni kujidanganya. Waweza kuisahihisha mita kwenye 50 na kuiharibu kwenye 80. Pale mita nyingine isipopatikana mara moja, hatua ya muda ni kubandika karatasi ndogo kando ya mita inayosema, kwa mfano, 40 ya mita ni 50 ya kweli. Si dawa ya kudumu, ila ni bora kuliko kutojua.

Wenye pikipiki mpya za mita za kidijitali, zikiwemo za umeme, nao wasijione wameokoka. Mita hizo huhesabu mapigo kutoka kwenye gurudumu au mota na kuyazidisha kwa mzingo uliowekwa ndani yake. Tairi au vipuri vikibadilika na mzingo huo usibadilishwe, tarakimu itang'aa vizuri na bado itakuwa ya uongo.

Nani abebe jukumu?

Mhudumu ana wajibu wake, lakini si haki kumwachia mzigo wote. Katika soko la Isiolo, mizani ya muuza nyama yapaswa kukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, ili mnunuzi asipunjwe robo kilo. Pampu ya mafuta vile vile. Iweje basi kipimo kinacholinda uhai kisahaulike, ilhali kinacholinda shilingi kina mlinzi?

Matatu na magari ya biashara yalifungiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa chini ya kanuni zilizotangazwa mwaka wa 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki. Pikipiki hazikuguswa na kanuni hizo, kwani wakati huo hazikuwa zimeenea kama leo. Kwa hivyo breki pekee ya kasi ya bodaboda ni akili ya mwendeshaji na mita iliyo mbele yake.

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, imezipa kaunti jukumu la uchukuzi wa umma na trafiki katika maeneo yao. Mswada wa kudhibiti usafiri wa umma wa pikipiki uliowasilishwa katika Seneti mwaka wa 2023 na Seneta wa Kakamega, Dkt Boni Khalwale, nao ulipendekeza kila kaunti iwe na bodi ya usafiri na usalama wa pikipiki. Mjadala kuhusu miswada ya aina hiyo huelemea usajili, ada na adhabu. Yafaa ukaguzi wa mita uingizwe pia, lakini kwa namna isiyogeuka kuwa kitega uchumi kingine cha hongo barabarani.

Serikali ya Kaunti ya Isiolo ina hatua moja nyepesi inayoweza kuchukua bila kungoja sheria mpya. Kwa kushirikiana na Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA), ipime kilomita moja kamili kwenye sehemu iliyonyooka nje ya mji, na kuweka alama mbili za rangi zinazoonekana. Gharama yake ni siku moja ya kazi ya wapima ardhi na debe la rangi. Mwendeshaji yeyote, wa bodaboda au wa gari, angeweza kuipima mita yake hapo bure.

Vyama vya wahudumu navyo vina nguvu ambayo polisi hawana. Chama kinachoweza kukusanya akiba ya kila siku chaweza kutenga asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu ili wanachama wapimane mita kwa zamu, na kuwakopesha wasio na uwezo bei ya kebo. Mafundi wa jua kali, ambao ndio madaktari wa pikipiki hizi, wafunzwe tofauti ya mita ya 1,000 na ya 1,400. Wenye pikipiki wanaopokea hesabu kila jioni waelewe kwamba mita ni sehemu ya mali yao, sawa na injini.

Umoja wa Mataifa umeutenga mwongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu. Malengo makubwa kama hayo hutangazwa katika kumbi za mikutano, lakini hutimizwa au kushindikana kwenye vitu vidogo kama kebo, gia na kamani. Kijana wa Isiolo anayeambiwa na sheria asizidi 50 ana haki ya kuijua 50 yenyewe. Akishaijua na bado akaipita, hapo sasa atakuwa na la kujibu.